Alikuwa Anapika Bia, Hakuwahi Kanyaga Campo, na Leo Form Three Wote Wanalia Kwa Sababu Yake

Kabla nikuambie kuhusu huyu msee, acha nianze na cuzo yangu.

Desemba moja nilikuwa ocha, Kwanza, hapo mbele ya Kitale kwa mahindi mpaka macho ichoke. Cuzo alikuwa ameona kitu YouTube. Jamaa fulani wa Marekani amechukua sufuria kubwa, akatoboa upande, akafunga koili ya kuchemshia maji, na sasa anajipikia bia kwa nyumba bila kuni, bila gesi. Kando yake kuna friji imetobolewa mlango, ndani kuna keg, nje kuna bomba. Unafungua, inamwagika baridi kama ya klabu. Cuzo aliona hiyo video mara moja tu, akasema hiyo ni biashara. Wimbi iko, maji iko, stima iko siku zingine. Nilipomuuliza mambo ya leseni alijifanya hajasikia.

Alipata sufuria ya lita 50, ile ya matanga, halafu koili mbili za wati 3000 kila moja. Siku ya kwanza alichomeka moja. Ilichemsha vizuri tu, lakini ikachukua kama saa moja na nusu na kumeza yuniti nne na kitu za tokeni. Waya wa extension ulikuwa na joto kidogo, si ya kukushtua. Siku ya pili akaamua kupunguza muda. Akachomeka koili zote mbili kwa extension hiyo hiyo moja, ile nyembamba ya kuchajia simu. Fyuzi ilikuwa inakatika kila saa, so akaitoa akaweka kipande ya msumari. Ndio, msumari.

Haikufika dakika kumi. Kwanza harufu, halafu moshi, halafu Kukhu akatoka nje akiuliza nani anachoma plastiki. Waya ulikuwa umeyeyuka ukashikana na kapeti na moto ulikuwa unapanda pazia. Tulikimbilia swichi kuu, tukachapa moto na blanketi. Alama nyeusi iko kwa ukuta mpaka leo na Kukhu hakubali ipakwe rangi. Anasema ikae hapo tuione.

Kitu ilinisumbua ni hii. Koili zimeongezeka mara mbili tu. Mbona waya haukupata joto mara mbili? Mbona ulienda wazimu hivyo? Mimi nilidrop campo mwaka wa pili na sikuwa hata nafanya fisiksi, so niliingia kwa simu kutafuta. Hapo ndio nilikutana na James Prescott Joule. Na nilipoona kazi yenye alikuwa anafanya mchana, nilicheka peke yangu. Buda alikuwa mpika bia.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 huko Salford, kando ya Manchester, Uingereza. Mzae wake, Benjamin, alikuwa na kiwanda cha bia na doh ya kutosha, na familia ilikaa karibu kabisa na kiwanda. Kwa hivyo toa ile picha ya mtoto maskini aliyetoka kwa matope. Hapana, huyu alikuwa wa kishua. Shida yake ilikuwa mwili. Mgongo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, alikuwa dhaifu na mwenye haya, na hakupelekwa shule kama watoto wengine. Alisomea nyumbani.

Mwaka wa 1834 mzae aliwapeleka yeye na brathe yake mkubwa wakafundishwe na John Dalton. Jina hilo unalijua pia, ni yule wa atomu kwa kitabu cha kemia. Dalton alikuwa mzee tayari, na wanafunzi wake walitaka kemia lakini yeye akawashikilia kwa hesabu na jiometri. Baada ya muda mfupi Dalton akapata stroke, masomo yakaisha. Joule alipata mwalimu mwingine kidogo, na basi. Hiyo ndio elimu yake ya juu. Hakuna digrii, hakuna graduation, hakuna picha na kofia ile ya pembe nne. Digrii alizopata baadaye ni zile za heshima, vyuo vilimpa vyenyewe bila yeye kukaa darasani.

Mchana alikuwa kwa kiwanda cha bia. Kama hujawahi ona vile bia inatengenezwa, ujue ni kazi ya joto. Nafaka iliyooteshwa, kile sisi tunaita kimea, inalowekwa kwa maji ya digrii kama 65 hivi ndio wanga igeuke sukari. Ukizidisha sana unaua kila kitu, ukipunguza haigeuki vizuri. Mathe wa busaa kule Bungoma anajua hii mambo bila themometa, anaweka mkono tu. Lakini Salford ya wakati huo kiwanda kilikuwa kikubwa, pesa ni nyingi, mkono hautoshi. Joule alikua akiishi na themometa. Shikilia hiyo, kwa sababu ndiyo iliwashinda maprofesa baadaye.

Usiku na asubuhi mapema ndio alikuwa anafanya zake. Yeye na brathe walikuwa wanachezea umeme kama watoto wa leo wanachezea simu. Wanajipiga shoti wao wenyewe, halafu wanawapiga shoti wafanyakazi wa nyumbani. Inasemekana msichana mmoja wa kazi aliongezewa mpaka akazirai. Hiyo sio fiti hata kidogo, na ingekuwa leo angetrendi wiki nzima. Lakini ndivyo alianza.

Halafu akaleta hizo mchezo kwa kazi. Kiwanda cha familia kilikuwa kinatumia injini za mvuke, na wakati huo mota za umeme zilikuwa ndio zinatoka. Joule, akiwa na miaka 19, akajiuliza kama anaweza toa mvuke aweke umeme. Kwanza alikuwa na ndoto kubwa, akadhani mota inaweza kukupa nguvu bila mwisho. Ndio akapiga hesabu. Hakukuwa na kampuni ya umeme, stima ilikuwa inatoka kwa betri zinazokula madini ya zinki. Akapima kilo kwa kilo, akapata makaa ya mawe yanakupa kazi nyingi kuliko zinki, na zinki ni ghali zaidi. Biashara imekufa hapo.

Cha kuchekesha ni vile sisi tunaita umeme stima. Kwa Kiswahili cha zamani stima ni meli ya mvuke. Joule alitaka kuhama kutoka kwa moja aende kwa nyingine na akashindwa kwa sababu ya bei, sisi tukachukua jina la ile ya kwanza tukaipatia ya pili.

Mtu mwingine angeachia hapo. Yeye akashikwa na swali lingine. Kwa nini waya unapata joto? Akachukua waya, akauzungusha koili, akautumbukiza kwa jagi la maji, akapitisha umeme, akasoma themometa. Akabadilisha waya, akabadilisha umeme, akarudia tena na tena. Desemba 1840, akiwa bado hajafika miaka 22, akapata jibu. Joto halifuati umeme moja kwa moja. Linafuata umeme ukizidishwa na umeme wenyewe. Ukiongeza umeme mara mbili, joto linapanda mara nne. Mara tatu, joto mara tisa.

Sasa rudi kwa extension ya cuzo. Koili moja ya wati 3000 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta ampea 12 na nusu. Koili mbili zinavuta 25. Umeme umeongezeka mara mbili, joto ndani ya waya limepanda mara nne, na ule msumari umezuia fyuzi kufanya kazi yake ya pekee. Yaani ukuta wa Kukhu ulichomwa na kitu imeandikwa tangu 1840. Na ujue ni sheria hiyo hiyo ndio inafanya koili ichemshe maji. Tofauti ni kwamba koili ilitengenezwa ipate moto, na iko ndani ya maji ya kuibeba hiyo moto. Waya wa simu uko kwa kapeti.

Unadhani walimshangilia? Alipeleka pepa kwa Royal Society, ile jumuiya kubwa ya wanasayansi London, wakachapisha muhtasari mfupi tu. Pepa nzima ilibidi itoke kwa jarida lingine 1841. Pepa yake nyingine ya 1844 waliikataa kabisa. Alikuwa mtoto wa mpika bia kutoka mji wa viwanda, na hana chuo. Anajua nini?

Lakini alikuwa ameanza kuona kitu kikubwa kuliko waya. Wakati huo wasomi wengi waliamini joto ni kama maji fulani yasiyoonekana, yanatoka kitu moto yanaingia kitu baridi, na hayawezi tengenezwa wala kuisha. Joule alikuwa anatengeneza joto kila usiku kwa jagi lake. Linatoka wapi? Akasema linatoka kwa kazi. Ukizungusha mashine kwa mkono, nguvu ya mkono wako haipotei, inageuka umeme, umeme unageuka joto, na kiasi kinabaki sawa. Mwaka 1843 alienda kusoma hiyo kitu kwa mkutano wa wanasayansi Cork, Ireland. Alipomaliza, kimya. Watu walikunja karatasi zao wakangoja msemaji anayefuata.

So akarudi nyumbani akatengeneza ile mashine yenye iko kwa kila kitabu. Mzae wake alikuwa amemjengea maabara kwa nyumba, na hapo lazima nikubali, si kila mtu aliyeachana na masomo ana mzae wa kumjengea maabara. Alichukua chombo cha shaba kilichojaa maji, ndani akaweka mapanga ya kukoroga kama ya mashua. Akafunga kamba na mizani mizito nje. Mizito inashuka, kamba inavuta, mapanga yanakoroga maji. Anaipandisha tena, inashuka tena. Mara 20. Halafu anasoma themometa.

Maji yalipanda hata digrii moja hayakufika! Baada ya hizo raundi zote, kama nusu digrii ya Fahrenheit. Hapo ndio maprofesa walicheka. Hakuna mtu anasoma themometa hivyo, walisema unaota. Lakini huyu hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kiwanda cha bia na amekuwa akifuata digrii ndogo ndogo maisha yake yote, na themometa zake zilitengenezwa na fundi wa Manchester anaitwa John Benjamin Dancer. Joule alisema anaweza soma digrii moja ikigawanywa mara 200. Wengi hawakuamini. Alikuwa anaweza.

Mwaka 1847 ndio ulikuwa mwaka wake. Aprili alitoa hotuba kwa ukumbi mdogo wa kanisa la St Ann, Manchester, akiwaeleza watu wa kawaida kwamba nguvu haipotei, inabadilisha nguo tu. Yeye alikuwa mtu wa imani, aliona Mungu ameweka hizo nguvu na binadamu hana uwezo wa kuzifuta. Hakuna jarida la sayansi lilichapisha. Brathe yake alikuwa anajuana na gazeti moja, Manchester Courier, wakaiweka. Fikiria. Moja ya hotuba kubwa za karne hiyo ilitoka kwa gazeti la mtaa kwa sababu brathe alijua watu.

Juni akaenda mkutano mwingine, Oxford. Mwenyekiti akamwambia afupishe kwa sababu muda ni mdogo. Alifupisha, na ingekuwa kimya ile ya Cork tena kama si kijana mmoja kutoka Scotland, William Thomson, miaka 22 na tayari profesa, ambaye alianza kuuliza maswali. Huyo ndiye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Hakukubaliana naye siku hiyo, na alichukua miaka kadhaa kukubali, lakini alimchukulia serious. Wakati mwingine mtu mmoja anakutosha.

Agosti ya mwaka huo huo Joule akaoa. Mrembo aliitwa Amelia Grimes. Wakaenda fungate kule milima ya Alps, upande wa Ufaransa. Kelvin alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa anatembea huko akamkuta Joule barabarani na themometa ndefu mkononi, bibi yuko kwa gari la farasi nyuma, wanaenda kupima maji ya maporomoko. Wanahistoria wengine wanasema Kelvin aliongeza chumvi. Lakini swali lilikuwa la ukweli: kama kazi inageuka joto, basi maji yakianguka kutoka juu lazima chini yawe moto kidogo kuliko juu. Alijaribu, na maji yalitawanyika sana kabla yafike chini, hakupima kitu cha maana. Usijisumbue kupeleka themometa Nabuyole pale Webuye. Ili maji yapande digrii moja tu ya Celsius unahitaji maporomoko ya zaidi ya mita 400.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 1850 wale wale Royal Society waliomkataa wakamfanya mwanachama. Akawa anafanya kazi na Thomson kwa barua, mmoja Glasgow, mwingine Salford, na kuanzia 1852 wakachunguza gesi. Walipata kwamba gesi nyingi ukizisukuma kutoka presha kubwa kupitia mahali pembamba mpaka presha ndogo, zinapoa. Mashine zao zingine ziliwekwa hapo kwa kiwanda cha bia. Mjerumani Carl von Linde, ambaye wateja wake wa kwanza wa mashine za baridi walikuwa viwanda vya bia, alikuja kutumia hiyo kanuni mwaka 1895 kugeuza hewa kuwa maji. Na ukifungua nyuma ya friji yako utapata kale kamrija kembamba ambako gesi inapitishwa kwa presha. Kwa hivyo sufuria ya cuzo na friji ya cuzo, zote mbili zinarudi kwa msee mmoja wa Salford.

Lakini 1854 ilikuwa mbaya. Walikuwa na watoto wawili, kijana na msichana, na mwaka huo Amelia akajifungua mtoto wa tatu. Mtoto aliishi muda mfupi tu. Amelia naye akafa mwaka huo huo. Joule alikuwa na miaka 35. Hakuoa tena. Karibu wakati huo familia ikauza kiwanda, na mtu ambaye alikuwa na haya tangu utotoni akajifungia zaidi. Alihama nyumba hapa na pale, na mahali pengine majirani walilalamika juu ya kelele za mashine yake.

Kulikuwa pia na vita ya nani alianza. Daktari Mjerumani, Julius Robert von Mayer, alikuwa ameandika mwaka 1842 kuhusu joto na kazi, baada ya kusafiri na meli mpaka upande wa Indonesia na kuona damu ya mabaharia iko nyekundu zaidi kwa sababu ya joto la huko. Waingereza wakamtetea Joule, Wajerumani wakamtetea Mayer. Mimi nikisoma naona wote walipata haki yao: Mayer aliona mapema, Joule alipima. Kupima ndio ilikuwa kazi ngumu.

Pesa ya kiwanda ilianza kuisha. Mwaka 1878 serikali ya Malkia Victoria ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, kama heshima na kama msaada. Mwaka huo huo, akikaribia miaka 60, alirudia ile jaribio ya kukoroga maji mara ya mwisho ndio apate namba safi kabisa. Alipata 772.55. Hiyo ni kazi, kwa vipimo vyao vya zamani vya futi na pauni, ya kupasha pauni moja ya maji digrii moja ya Fahrenheit.

Alikufa tarehe 11 Oktoba 1889 mji wa Sale, karibu na Manchester. Mwaka huo huo wakubwa wa umeme duniani walikutana Paris wakakubali jina lake liwe kipimo cha nguvu. Ndio ile J kwa kitabu chako cha fisiksi, na ile kJ kwa paketi ya biskuti yenye hujawahi soma. Ukienda kaburi lake Sale, juu ya jiwe wameandika ile namba, 772.55. Na hapo hapo mjini kuna pub inaitwa The J. P. Joule, so mpika bia amerudi kwa bia.

Hapa Kenya stori ya bia tunaijua ni ile ya George Hurst, yule alianzisha Kenya Breweries na brathe yake 1922 pale Ruaraka, mwaka uliofuata akauawa na ndovu, na ndovu akaingia kwa chapa ya Tusker. Kila mtu kwa meza anaijua. Hii ya Joule sijawahi sikia mtu akiipiga kwa bar.

Cuzo nilimwambia yote. Alisikiza mpaka ile ya mara mbili kuwa mara nne, akanyamaza, akaenda kuangalia ukuta. Sufuria imerudi kwa matanga. Koili moja ameuza, ingine anasema anangoja fundi wa stima amvutie waya mnene wake pekee kutoka kwa boksi, na safari hii fyuzi ni fyuzi. Friji inafanya kazi, kale kashimo ka bomba ameziba na kitambaa, na Kukhu anaweka maziwa ndani.